Mstari Mmoja wa Babu

Siku babu aliposhikwa, mimi nilikuwa Masasi mjini, najidai mwandishi. Kosa lake? Kusema Kimakua. Lugha hiyo inasemwa kwetu Chidya, na ng'ambo ya Ruvuma vilevile, lakini afisa alisikia ng'ambo tu. "Mzee, wewe wa Msumbiji. Leta karatasi."

Ndugu msomaji, mtu wa miaka 80, aliyezalishwa kijijini na mkunga wa jadi kabla ya Uhuru wa 1961, atoe karatasi gani? Alilala mahabusu siku tatu, sakafuni, miguu imevimba. Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale, kule Kenya, walitembea kwenda Nairobi kudai vitambulisho, wakapewa. Babu kwenda chooni tu alishikwa mkono.

Nikamwendea mama mmoja, msaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017. Nilimpa kurasa nne za uchungu wangu. Akasoma zote, akanitazama.

"Mwanangu, umeandika vizuri. Sasa babu yako kazaliwa wapi? Shahidi nani?"

Nilinywea. Sikujua!

Nikarudi Chidya. Katika daftari la ubatizo tukamkuta: jina lake, la mama yake, kijiji, 1943. Bibi mmoja aliyecheza naye utotoni akaenda kula kiapo. Jioni yake babu akatoka.

Kurasa zangu nne ninazo bado. Kilichomtoa babu ni mstari mmoja wa karani, wino umefifia. Siku hizi nikishika kalamu, kwanza nauliza: nani, wapi, lini.