Kulala karibu na mtoto

Shangazi,

Juzi kwenye simu uliniuliza kama wazazi wa huku nao hutandika kanga kwenye baraza za hospitali mtoto anapolazwa muda mrefu. Jibu linaanzia hapahapa Philadelphia.

Fred Hill, mchezaji wa Eagles, timu ya futiboli ya Kimarekani, aliambiwa binti yake Kim, mwenye miaka mitatu, ana saratani ya damu. Yeye na mkewe wakawa wanasinzia kwenye viti vya hospitali. Wazazi wengine walitoka mbali, na hoteli hawaiwezi. Eagles wakachanga fedha, na meneja wao, Jim Murray, akamtafuta Dkt. Audrey Evans, bingwa wa saratani za watoto, mzaliwa wa Uingereza. Angeweza kuomba mashine. Akaomba nyumba. Kwa hilo tu namheshimu sana mama yule: alijua kwamba mtoto anayetibiwa miezi kadhaa huku mama yake hana pa kulala, tiba yake ina pengo.

Murray akaenda kuomba msaada McDonald's, kampuni ya migahawa, na mauzo ya kinywaji chao cha kijani cha maziwa yakachangia nyumba. Kampuni nayo ikataka iitwe Ronald McDonald, jina la mchekeshaji wa matangazo yao. Wapo wanaolalamika kwamba hiyo ni biashara. Ni kweli, lakini mlango ulifunguliwa Oktoba 1974 na wazazi wakapata vitanda. Leo nyumba za namna hiyo ni mamia duniani. Kim alipona saratani ile, akaishi hadi 2011.

Jumamosi Waswahili wa hapa tulikuwa na zamu ya kuwapikia wageni wa nyumba kama hiyo. Tulipika pilau na kachumbari. Kila familia ina rafu yake jikoni, imeandikwa namba ya chumba. Baba mmoja aliingia na stika ya hospitali bado kifuani, akala amesimama, akafunga sahani nyingine kwenye foili ampelekee mkewe wodini.

Shangazi, kwenye VICOBA yenu, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, hakosekani mtu mwenye vyumba vya kupangisha jirani na hospitali ya mkoa. Niulizie kodi ya viwili vyenye jiko na maji, ili wazazi wa huko nao wapate pa kulala. Magodoro na kodi ya miezi sita ya mwanzo nitatuma mimi. Funguo akae nazo muuguzi wa wodi ya watoto, maana yeye ndiye anayejua nani amelala nje.

Mwanao,
Philadelphia