Nguvu ya Kulabu

Mvua za masika zinyeshapo, njia za udongo za milima ya Uluguru huwa utelezi mtupu, na gari lipandalo kwenda Mgeta huweza kuzama matopeni mpaka ekseli. Hapo dereva hutafuta mahali pa kufunga kamba. Macho hupenda chuma kinene. Akili huuliza chuma hicho kimeshikwa na nini. Kulabu nene iliyotiwa katika bampa jembamba ni sultani asiye na jeshi. Kulabu ndogo iliyokazwa kwa boliti imara katika fremu ina nguvu ya gari zima nyuma yake.

Magari mengi yashukayo bandarini Dar es Salaam yana vitundu chini yake. Viliwekwa ili gari lifungwe lisisogee melini, si ili livutwe topeni. Kustahimili kufungwa si kustahimili kuvutwa. Gari la kilo 2,000, katika njia ipandayo mita 1 kwa kila mita 4, huelemea nyuma kwa uzito wa kama kilo 500. Matope huongeza mzigo, na kamba iliyolegea ikikazwa ghafula huuzidisha tena.

Kwa hiyo mwenye busara huchunguza kutu, nyufa za mahali palipochomelewa na boliti zilizolegea. Huvuta taratibu, kwa mstari ulionyoka, na huwaweka watu mbali. Kulabu ikikatika hurushwa kama risasi, wala haichagui kati ya aliyeifunga na mtoto aliyekuja kutazama. Unene wa kulabu huonwa kwa macho. Uaminifu wake hauonwi mpaka uchunguzwe.