Goma: Kwa nini gari yao ndogo inaitwa Tusongane

Mjini Goma kila kitu kinapata jina. Baiskeli ya mbao inayobeba mizigo ni chukudu, na vijana wanaouza esansi kwa bidoni kandokando ya barabara wanaitwa Kadhafi. Kwa hiyo wakaaji wa mtaa wa Majengo hawakushangaa waliposikia kwamba mwalimu mmoja na bibi yake wanatafutia gari yao jina. Walishangaa tu kwamba kazi hiyo iliwachukua miaka miwili.

Gari yenyewe ni Toyota Starlet, aina ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 1999. Ilitoka Japani, ikapitia bandari ya Dar es Salaam, ikafika Goma ikiwa na usukani upande wa kulia. Lakini huku Kongo magari yanapita upande wa kulia wa barabara, na dereva wa gari ya namna hii haoni vizuri mbele anapotaka kupita lori. Mwalimu anashika usukani, bibi yake anakaa kushoto, na yeye ndiye anayeona. Akisema "Pita, Papa," wanapita. Akisema "Ngoja," wanangoja. Watoto wao wanasema gari hiyo ina usukani mmoja na madereva wawili.

Ni ndogo kweli. Kwenye mawe ya volkano ya Majengo tumbo lake linakwaruza chini, na mara nyingi abiria wanashuka ili ipate kupanda. Ndiyo maana mwalimu alianza kuiita Kadogo. Bibi yake alikataa siku ile ile. Mwaka 1996, jeshi la AFDL lilipoingia Goma, kadogo lilikuwa jina la watoto walioshika bunduki wakamfuata Laurent-Désiré Kabila. Mdogo wake wa kiume alikuwa mmoja wao. Hakurudi.

"Papa, hilo jina lina mwenyewe," alimwambia bwana yake. Mwalimu hakulitumia tena, na gari ikabaki bila jina.

Jina lilikuja tarehe 27 Mei 2021. Siku tano kabla, jioni ya 22 Mei, Nyiragongo ililipuka na lava ikashuka hadi karibu na uwanja wa ndege. Ardhi iliendelea kutetemeka, na asubuhi ya tarehe 27 viongozi wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame mara moja. Mwalimu na bibi yake waliingiza watoto wao watatu na bidoni ya maji, wakafunga godoro juu. Kwenye lango walimkuta jirani yao, mjane mwenye mguu mbovu, pamoja na wajukuu wake wawili. Mwalimu alitazama viti. Bibi yake aliwageukia watoto akasema: "Tusongane."

Watu wanane wakaingia. Njia ya Sake, kama kilometa 25, iliwachukua siku nzima katikati ya watembea kwa miguu, mbuzi, pikipiki na malori. Kila mtoto mmoja alipolia kwa kubanwa, mwingine alimjibu kwa neno lile lile. Walipofika Sake, hakuna aliyetafuta jina tena.

Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23 na mabenki kufungwa, pesa imekuwa ngumu katika nyumba hiyo kama katika nyumba nyingine nyingi. Mnunuzi alikuja mara mbili kuangalia gari. Mara ya pili alikuja na dola mkononi. Mwalimu alikuwa tayari kuuza, maana pesa ya shule ya watoto ilikuwa haijalipwa. Jioni hiyo bibi yake aliuza vitenge vyote vilivyobaki katika biashara yake, kwa bei ya hasara, akaweka pesa mezani.

"Vitenge nitanunua vingine," alisema.

Si mapenzi tu yaliyomfanya aseme hivyo. Usiku ni vigumu kupata pikipiki, na mwanamke anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, jamaa zake wanabisha lango la mwalimu wakiuliza kama Tusongane iko. Mwenye esansi analeta esansi, asiye nayo anapanda hivyo hivyo. Mama mwenye nyumba anakaa kushoto, mahali pake, kwa sababu kwenye giza macho ya mtu mmoja hayatoshi.

Hadi sasa amehesabu akina mama sita waliofika hospitali salama. Wa saba alijifungulia njiani, kwenye kiti cha nyuma, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Wazazi walitaka kumwita Tusongane. Bibi ya mwalimu aliwaomba wampe jina la nyanya yake.