Alama ya "Amekataa"

Kwenye fomu zetu za vikope kuna kisanduku kinachonikera: "Amekataa upasuaji". Ukishakitia alama, mgonjwa huyo anahesabiwa kuwa anajulikana na mfumo wa afya. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba wenye kope zilizojikunja wasiojulikana na mfumo wawe chini ya asilimia 0.2 ya watu wa miaka 15 na zaidi. Aliyekataa hamo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo wilaya inaweza kufikia lengo na kupongezwa, huku bibi aliyetiwa alama hiyo yuko bomani kwake anang'oa nywele za kope kwa kibanio.

Mimi ni muuguzi wa macho, napasua kope katika vijiji vya Wamaasai kaskazini mwa Tanzania. Trakoma, yaani ugonjwa huu wa vikope, imepungua sehemu kubwa ya nchi, lakini huku kwa wafugaji imeng'ang'ania. Maji yako mbali, nzi wanafuata ng'ombe, na mtoto anaambukizwa tena na tena. Kovu hukua taratibu upande wa ndani wa kope. Miaka mingi baadaye kope hujikunja kwa ndani, nywele zikakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Wanawake ndio wengi, maana wao ndio wanaoshinda na watoto. Dawa ya azithromycin tunagawa bure, na watu wanaimeza bila ubishi. Ubishi uko kwenye kisu.

Lakini tazama swali linavyoulizwa. Gari linasimama, anaitwa kijana aliyesoma atafsiri. Bibi anaulizwa mbele ya mwanawe na wakaza wana wake kama anataka kupasuliwa. Ananyamaza. Mwanawe anasema, "Hataki." Kalamu inafanya kazi yake, tunaondoka.

Kwa bibi mmoja wa namna hiyo nilirudi na mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa Kimaasai. Tuliingia ndani, tukaletewa chai ya maziwa, wakaongea wao wawili kwa Kimaa kuhusu mvua na ndama kabla ya kugusia macho. Kumbe bibi alikuwa na maswali yake. Akifungwa bandeji macho yote mawili, nani atampeleka haja usiku? Nani atawafungulia ndama? Na nyuzi zitatolewa na nani, wakati boma huenda likawa limehamia malishoni? Maswali ya mtu mwenye akili timamu. Tukakubaliana tuanze na jicho moja, na nikatumia uzi unaoyeyuka wenyewe badala ya hariri ambayo ingemlazimu arudi kutolewa. Alikuja.

Wapo ambao hata upasuaji umewapita. Upasuaji huokoa kilichobaki. Kioo cha jicho kilichokwisha kuwa cheupe kwa makovu hautakisafisha. Hao tunawapa pole na kuwaaga, basi. Utamkuta mzee ameshika ncha ya fimbo, ncha nyingine ameishika mjukuu, na mjukuu huyo siku ya shule hayuko darasani. Mafunzo ya kutembea na fimbo nyeupe niliyowahi kuyaona yalikuwa mjini, kwa Kiswahili, pembeni mwa lami. Mkufunzi wa kufundisha kwa Kimaa kwenye njia ya ng'ombe yenye miiba bado sijakutana naye. Nadhani hilo ni deni kubwa kuliko la kisu, ila halina kisanduku.

Siku hizi pembeni mwa neno "amekataa" naandika kwa mkono: aliulizwa kwa lugha gani, nani alijibu, nani alikuwepo, turudi lini. Kijana anayeingiza takwimu amelalamika mara kadhaa kwamba kwenye kompyuta hakuna pa kuyaweka maelezo hayo. Nimemwambia asiyafute, aniachie karatasi.