Mstari wa Juu

Mwishoni mwa mwaka 2002 nilikuwa fundi kompyuta wa ofisi moja mjini Tanga. Nilipewa kazi ya kuihamisha kompyuta ya mhasibu kutoka Windows 98 kwenda Windows 2000. Ilikuwa Pentium III yenye diski ya gigabaiti 20, na humo ndimo ilimokuwa mishahara ya watu wote wa pale.

Niliogopa. Mwaka mmoja kabla, katika ofisi nyingine, nilisakinisha mfumo mpya juu ya ule wa zamani, na umeme ukakatika kazi ikiwa nusu. Uliporudi, mfumo wa zamani ulikuwa umeshaharibika na mpya haukuwa umekamilika. Watu walingoja mishahara siku tisa. Mlinzi wa usiku alikuja kuniomba niandike barua kwamba kweli kompyuta imeharibika, maana mwenye nyumba wake hakumwamini. Niliiandika, na mpaka leo nakumbuka alivyoikunja kwa uangalifu akaitia mfukoni.

Kwa hiyo Tanga sikufuta kitu. Nilinakili faili zote kwenye sidii mbili, nikaiacha kompyuta usiku kucha ipange data zote mwanzoni mwa diski, kisha nikaikata diski kwa programu ya bure iitwayo FIPS, iliyokaa kwenye flopi. Sehemu ya kwanza ilibaki na Windows 98, ya pili nikaweka Windows 2000, ya tatu ikawa ya nyaraka. Mfumo wa zamani lazima utangulie. Windows 2000 ikiikuta Windows 98 kwenye diski, huiingiza katika orodha ya kuwashia. Windows 98 ikija nyuma, huandika juu ya sekta ya kuwashia na mwenzake asionekane tena.

Asubuhi mama mhasibu alinikuta mezani kwake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mishahara yangu ipo?”

“Ipo yote. Ukiwasha utaona mistari miwili. Wa juu ni kompyuta yako ile ile.”

Programu yake ya mishahara iliandikwa enzi za DOS, na ilikuwa ikiiamrisha printa moja kwa moja. Windows 2000 hairuhusu programu kugusa vifaa bila kupitia kwake, basi upande mpya printa ilikaa kimya. Ilibidi itafutwe programu nyingine, na hilo lilichukua miezi.

Kilichomsumbua zaidi ni herufi za sehemu za diski. Windows 98 haiwezi kusoma NTFS, mpangilio wa faili niliouweka kwenye sehemu ya pili, kwa hiyo sehemu hiyo haikuiona kabisa, na ile ya nyaraka ikaiita D. Windows 2000 iliziona zote tatu, nayo ile ya nyaraka ikaiita E. Siku moja alinipigia simu sauti ikitetemeka kwamba bajeti ya mwaka imepotea. Nilikwenda nikaibandika karatasi pembeni ya skrini: juu D, chini E.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za VM/370, mfumo ambao IBM waliutangaza Agosti 1972. Wateja wake waliweza kuendesha mfumo wa zamani na mpya kwa wakati mmoja ndani ya mashine moja kubwa, wakahamisha kazi kidogo kidogo. Sisi ilibidi tuzime ndipo tuwashe upande wa pili, lakini shida iliyotusukuma ilikuwa hiyo hiyo.

Programu mpya ilipofika, mama hakuiamini, na alifanya vizuri. Kila mwisho wa mwezi alipiga hesabu upande wa zamani, akaandika jumla kwenye daftari, akawasha upya, akapiga tena upande mpya. Mwezi wa kwanza jumla hazikulingana: programu mpya ilikosea makato ya pensheni. Tungekuwa tumefuta ya zamani, nani angejua? Mwezi wa pili zililingana, wa tatu pia.

Mwezi wa nne aliniita.

“Mwanangu, ule mpya uuweke juu. Nimechoka kubonyeza mshale kila siku.”

Nilifungua boot.ini, faili ya orodha ya kuwashia, nikabadilisha mpangilio, nikawasha upya. Alikaa mikono mapajani, akaziacha sekunde 30 za orodha zihesabike mpaka mwisho bila kugusa kitufe.