Kinamo Chini ya Mchanga

Pemba ni vilima na mabonde, na udongo wa kilimani si wa bondeni. Juu, kwenye mikarafuu, ni mwekundu. Chini, kwenye mpunga, ni wa kijivu na unanata. Huo ndio tunaouita kinamo. Ukiukanyaga wakati wa masika, viatu utarudi navyo mkononi. Mimi nimeutandaza chini ya tangi la kioo ukumbini kwangu Wete, nikaufunika kwa mchanga wa chengachenga uliooshwa, nikapanda mayungiyungi na majani mengine ya mtoni, kisha nikatia samaki wadogo. Jirani yangu, mama mtu mzima anayelima mpunga, alipoliona alicheka.

"Mwanangu, bonde umelihamishia ndani?"

"Ndiyo, mama. Jembe limenishinda."

Wafugaji wengi wa samaki wa matangi ya kioo, Ulaya na Marekani, walizoea kutandaza changarawe tupu na kununua mbolea ya chupa. Mwaka 1999 Mmarekani Diana Walstad alitoa kitabu, Ecology of the Planted Aquarium, akatetea udongo wa kawaida uliofunikwa kwa changarawe. Jirani yangu hana haja ya kitabu hicho. Lakini mimi nilitaka kujua kwa nini mmea uliodumaa kwenye mchanga hunawiri ukipata kinamo, na jibu lake limenikaa moyoni kuliko nilivyotarajia.

Chembe ya udongo wa namna hii haifiki milimita 0.002, na uso wake una chaji hasi. Kwa hiyo hunasa vitu vyenye chaji chanya vinavyopita majini: potasiamu, kalsiamu, chuma, na amoniamu itokanayo na kinyesi cha samaki. Mchanga hauna nguvu hiyo. Kinachoupitia kinakwenda zake. Hata kinamo hakinasi kila kitu. Nitrati, ambayo nayo ina chaji hasi, hupita bila kubisha hodi. Lakini kile kilichonaswa hakikufungwa. Mzizi unapofika hutoa haidrojeni, udongo ukaipokea na kuachia potasiamu badala yake. Ni biashara ya kubadilishana, na mzizi usiotoa kitu haupati kitu.

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alikuwa kama kinamo hicho. Hakuwa mtu wa kumwaga maneno. Ungeweza kukaa kwenye mkeka wake msimu mzima ukaondoka na aya ulizohifadhi na si zaidi. Lakini ukimjia na swali ulilolihangaikia, alilipokea, akalinyamazia kidogo, ndipo akakupa jambo la kukutosha mwaka. Watoto tulimwona mchoyo. Wapo walimu wengine waliotumwagia kila walichokijua, nasi tulifurahi nao sana. Leo sikumbuki hata kimoja walichosema. Sidai kwamba ukimya ni hekima, maana wapo wanaonyamaza kwa kuwa hawana kitu. Ninachosema ni kwamba yule mzee alikuwa nacho, na mlango wake wa kutolea ulikuwa swali letu.

Chuma kina kisa chake. Kilimani kimekutana na hewa, ndiyo maana udongo ni mwekundu. Bondeni maji yametuama, hewa haipenyi, chuma kinabadilika na kuyeyuka, na ule wekundu unapotea. Hali hiyo hiyo iko chini ya mchanga wa tangi langu. Chuma kilichoyeyuka ni chakula cha mmea, ila kikizidi ni sumu. Mpunga umejua la kufanya: huteremsha oksijeni kutoka majanini mpaka mizizini, na chuma kinachokaribia kinageuka kutu hapo nje kabla hakijaingia kwa wingi. Ng'oa shina la mpunga bondeni uone mizizi yake ilivyo na rangi ya kutu. Mimea mingi ya majini hufanya kazi hiyo hiyo, na mfugaji akaamini kwamba tangi linakwenda vizuri kwa ufundi wake.

Mfugaji kazi yake kubwa ni kuacha mkono. Ukilifukua tabaka la chini, maji yote yanakuwa chai ya maziwa. Chembe ya milimita 0.002 huchukua kiasi cha saa 8 kushuka sentimita 10 tu, na zilizo ndogo zaidi huelea siku nyingi kwa sababu chaji zao zinafanana na zinasukumana. Kwa maji ya mvua subira inakuwa ndefu. Maji ya kisima yenye chokaa yanasafika mapema, kwani kalsiamu huzipatanisha chembe zikashikana. Ndivyo bahari inavyofanya kwenye mikoko yetu: mto unateremka na tope lake la masika, unakutana na chumvi, tope linagandana na kutua. Kwa hiyo mmea ukizeeka siung'oi; naukata shinani, mizizi ikaozea huko huko. Na perege sifugi kabisa, kwani ni mchimbaji kuliko mimi.

Lakini kushika nako kuna kiasi. Udongo wa nchi za mvua nyingi na joto umesukwasukwa kwa maelfu ya miaka, na mwingi umebaki aina ya kaolini, ambayo uwezo wake wa kunasa unaweza kuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Huo wa kaolini hauna budi kujazwa kila mara. Mwalimu wangu naye, hata macho yalipompungukia, alikuwa na kijana wa kumsomea vitabu baada ya sala ya isha. Tangi linajazwa na kinyesi cha samaki. Bondeni mavuno yanabebwa kila msimu, na mabua mara nyingi yanakwenda nayo; hilo ndilo tunalobishana mimi na jirani yangu. Yeye anasema ng'ombe lazima wale. Mimi nasema basi samadi irudi shambani. Anajibu kwamba shamba liko mbali na zizi, na samadi haina miguu.

Mayungiyungi ya upande wa kushoto yameanza kupauka. Nimefinyanga madonge madogo ya kinamo kilichochanganywa na samadi iliyokwisha kuiva, yako juani yanakauka. Yakishakuwa magumu nitayazamisha kwa kidole, moja moja, karibu na mizizi.