Kabla Mchanga Haujauzwa

Watu wengi wa Dar es Salaam wanaujua Mto Msimbazi pale Jangwani, maji yanapofunika barabara na mabasi ya mwendokasi yakasimama. Sisi tuliolelewa Ulongoni, bondeni kati ya Gongo la Mboto na Kinyerezi, tulikuwa na Msimbazi mwingine. Huku ndiko mto unakopita ukishuka kutoka vilima vya Pugu, na miaka ya themanini kiangazi kilipokolea ulikuwa kijito cha kuvuka bila kukunja suruali.

Hatukuwa watu wa mjini wakati ule. Sensa ya 1978 ilihesabu watu wapatao 843,000 mkoa mzima wa Dar es Salaam, na wengi wao walikuwa mbali nasi. Baba alikuwa mtumishi, asubuhi akigombania basi la UDA au gari la chai maharage Barabara ya Pugu, jioni akirudi kushika jembe. Mshahara haukufika tarehe 15, kwa hiyo watumishi wengi wa miaka ile walitafuta kishamba cha mihogo pembezoni mwa jiji. Waliotupokea ni wenyeji, Wazaramo, wenye minazi, mikorosho na miembe ya babu zao. Bondeni walilima mpunga wakati wa masika, maji yakipungua wakapanda mchicha, bamia na matembele. Mgeni alilipia miti iliyosimama shambani, mjumbe wa nyumba kumi na wazee wawili watatu wakashuhudia, mambo yakaisha kwa dua na kahawa.

Kilichotuunganisha ni maji. Bomba halikuwepo. Mto ulipokauka ukabaki mchanga mweupe, akina mama walifukua visima vifupi mle mle mtoni, wakasubiri maji yatuame, kisha wakayateka polepole kwa kata ya kifuu wasije wakayatibua. Kisima cha kunywa kilikuwa juu, cha kufulia chini yake, cha kuogea chini kabisa. Mtoto aliyethubutu kunawa miguu kwenye kile cha juu alichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu, na akifika nyumbani kushtaki aliongezewa. Mvua za kwanza zilipofukia visima, wazee waliitisha msaragambo wa kuvifukua upya na kufyeka njia ya kuteremkia, na kila nyumba ilitoa mtu.

Pale kwenye foleni ya ndoo ndipo tulipojuana. Nani amejifungua, nani ana mgonjwa, mtoto wa nani amefaulu kwenda sekondari, yote yalisikika pale kabla jua halijawa kali. Nakumbuka bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, jirani yetu wa karibu. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako mbona sikumwona jana mtoni?" Nikamwambia ana homa. Kabla ya adhuhuri alikuwa kwetu, amebeba madafu na kuku mmoja mikononi, na mama alipopata nafuu wala hakuona haja ya kushukuru sana, maana zamu yake ya kufanya vile ingefika. Sisi tulikuwa wa kuja, tena Wakristo, na nyumba yao ilikuwa ya maulidi na madrasa. Jambo hilo halikutusumbua hata siku moja.

Mwali alipotolewa ndani, ngoma ya mkole ilisikika pande zote mbili za bonde, na ng'ambo zote mbili zilipika. Msibani walikuja Wanyamwezi, watani wa wenyeji wetu, wengi wao wafanyakazi wa reli, wakazuia jeneza wakidai walipwe kwanza, hadi mfiwa mwenyewe akacheka huku machozi yakimtoka. Sijaona tena faraja ya namna hiyo.

Wengi husema bonde letu liliharibiwa na wageni walionunua viwanja. Mimi nasema lilianza kuharibika siku tulipouza mchanga. Jiji lilikuwa linajengwa kwa kasi, na mchanga wa Msimbazi ni mzuri kwa tofali na plasta. Malori ya tani saba yakaanza kuteremka bondeni, vijana wetu wakapata vibarua vya kupiga koleo, na fedha ikaingia haraka kuliko ya mpunga. Nani angewakataza? Walikuwa na njaa kweli. Lakini mchanga ule ndio uliokuwa unashika maji ya kiangazi. Ulipoondoka, visima vikaondoka nao, na kitako cha mto kikashuka. Kingo zikabaki wima, udongo mtupu, kila masika zikimeguka na kuanguka na migomba yake. Serikali ilipopiga marufuku, koleo zilihamia usiku.

Halafu yakaja yote kwa pamoja: madalali, kuta zenye vipande vya chupa juu, visima virefu vya pampu, fremu za maduka, bodaboda. Minazi ikakatwa. Wazee wakauza, wakahamia Kisarawe na Chanika. Kila nyumba sasa ina maji yake ndani ya geti lake, na hilo ni jambo jema, sitamani mama yeyote arudie kubeba ndoo kichwani. Ila mto ulipoacha kuhitajiwa na mtu, ukawa mahali pa kutupa pampasi na taka za jikoni.

Desemba 2011, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, Msimbazi ulijibu. Watu wapatao 40 walikufa jijini kwa mafuriko, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo mafuriko yamerudi mara kwa mara. Daraja la Ulongoni limewahi kusombwa, watoto wa shule wakavushwa mgongoni kwa malipo, mahali ambapo sisi tulipita kwa miguu yetu. Shamba la mpunga la yule bibi halipo tena. Mto wenyewe ndio unapita pale.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkoa sasa una watu zaidi ya milioni 5.3, na viwanja vya bondeni bado vinauzwa kwa bei ya kuvutia, hasa kiangazi. Ndugu yangu unayekusanya fedha za kununua kiwanja Ulongoni, Bangulo au Kifuru, usimlipe dalali kabla hujapima hizo mita 60 mwenyewe. Kisha tafuta mzee aliyebaki, mwamkie vizuri, umwombe akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka 2011.